Kabla Hamjaifungua Bahasha ya CA 125

Siku ya tisa baada ya mama kupasuliwa kuondolewa saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai, kaka yangu alikodi teksi akampeleka maabara moja ya binafsi karibu na kwake. Hakumwambia daktari, wala hakuniambia mimi. Alitaka tu kujua kama "imetoka yote". Akalipa shilingi 50,000, na jioni majibu yakatoka. Akayapiga picha, akayarusha kwenye kundi letu la familia: CA 125, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hiyo, 274, na pembeni herufi H yenye mshale unaotazama juu. Kipimo cha mwisho kabla ya upasuaji kilikuwa 96.

Usiku ule kwetu hakulala mtu. Shangazi aliyeko Muheza alishaanza kuulizia nauli za watakaokuja. Mama mwenyewe alikaa kitandani ameushika mshono wake, akasema, "Kumbe wamenichana bure."

Jumatatu tulipofika kliniki, daktari aliitazama ile picha kwenye simu akauliza swali moja: "Hii damu ilitolewa lini?" Tulipomtajia tarehe akashusha pumzi. Akatueleza kwamba protini inayopimwa na CA 125 haitoki kwenye saratani peke yake. Utando unaofunika tumbo kwa ndani nao huitoa, na tumbo likipasuliwa utando huo huumia, huvimba, kisha hupona, na muda wote huo unaimwaga ile protini kwenye damu. "Hapo mmepima kidonda," akasema. Wiki sita baadaye, siku ya dripu ya tano ya dawa za saratani, namba ilikuwa 31.

Naandika kwa sababu ya usiku ule. Mimi ni mwalimu wa sekondari, sikusomea udaktari, na hakuna nitakachosema hapa kinachoweza kuchukua nafasi ya daktari anayemjua mgonjwa wako. Lakini nimebeba faili la mama tangu Machi 2021, alipoambiwa ana saratani ya ovari, na nimejifunza kuisoma karatasi ile kwa machozi ambayo mengine hayakuwa na sababu. Kama kwenu kuna mgonjwa anayepimwa damu kila baada ya dozi au kila miezi mitatu, kaa nami kidogo.

Nianze na jina lenyewe, maana hata jina linatisha. Watu wengi wameshaona kwenye mafaili ya hospitali herufi CA zikimaanisha kansa, kwa hiyo mtu akisoma "CA 125" kwenye fomu anaona ameshahukumiwa. Mama yeye alidhani 125 ndiyo majibu yake. Hiyo 125 ni jina tu. Mwaka 1981 mtafiti Robert Bast na wenzake huko Boston, Marekani, walitengeneza kingamwili inayoitambua protini hii, nayo ikabeba namba iliyokuwa nayo miongoni mwa zile walizokuwa wakizijaribu maabara. Mtu akipewa fomu hiyo ameombewa kipimo, basi. Jibu liko kwenye safu nyingine, na pembeni yake kuna kiwango cha kawaida, ambacho kwa kawaida huandikwa chini ya 35.

Na hiyo 35 nayo ina historia yake. Walipowapima watu wenye afya njema, waliona kwamba ni takriban mtu 1 kati ya 100 aliyepita hapo, wakaweka mpaka. Maana yake ni kwamba kuna wazima walio juu ya mstari na kuna wagonjwa walio chini yake. Saratani ya ovari inapokuwa bado changa, karibu nusu ya wanawake namba yao haijapanda kabisa. Kinyume chake, wapo wengi wenye namba za juu ambao hawana saratani yoyote: mwenye uvimbe wa fibroidi, mwenye endometriosisi (utando wa kizazi kuota nje ya kizazi), mjamzito wa miezi ya mwanzo, aliye kwenye siku zake, mwenye ugonjwa wa ini, mwenye moyo uliochoka na maji yamejaa mwilini. Chochote kinachousumbua ule utando wa tumboni, au ule unaofunika mapafu, kinaweza kuipandisha.

Hapa kwetu kuna kimoja kinachostahili kutajwa peke yake, nacho ni kifua kikuu cha tumbo. Wengi tunaijua TB ya mapafu, ya kukohoa. Lakini TB huweza kukaa tumboni, tumbo likajaa maji, mtu akakonda, akapata homa za jioni, na CA 125 ikapanda hadi mamia. Ukiitazama karatasi peke yake huwezi kuitofautisha na saratani. Mama alipofika hospitali tumbo limemjaa namba yake ilikuwa 1,840, na mimi nilishamlilia tayari. Daktari akakataa kulitamka neno saratani. Akaagiza maji ya tumboni yatolewe yakapimwe, na kikachukuliwa kipande cha nyama. Tulimwona kama anatuchelewesha. Leo namshukuru. Zilipita siku kumi na mbili za kusubiri, na kipande kile cha nyama ndicho kilichosema ukweli. Kama mgonjwa wako ana namba kubwa na maji tumboni lakini hajachukuliwa nyama, mwulize daktari kwa heshima kama TB imeshaondolewa kwenye hesabu. Watu wamewahi kupasuliwa kwa kudhaniwa wana saratani, ikaja kuonekana ni ugonjwa unaopona kwa vidonge.

Ukishajua kwa hakika kuwa ni saratani, na kwamba saratani hiyo inatoa CA 125, hapo ndipo kipimo kinapoanza kuwa na faida. Namba ya siku moja haikuambii mengi. Unachotaka ni mwelekeo. Mama alikuwa akipewa dripu ya kaboplatini na paklitakseli, dawa za saratani, kila baada ya wiki tatu. Alianza na 1,840. Kabla ya dripu ya pili alikuwa na 1,460, na sote tukanyong'onyea, tukaona dawa haifanyi kazi. Kabla ya ya tatu, 420. Kabla ya upasuaji, 96. Baadaye daktari alitueleza kwamba hata saratani ingetoweka yote leo, protini iliyokwishaingia kwenye damu inahitaji kama wiki moja hivi ipungue nusu, halafu wiki nyingine ile nusu ipungue nusu tena. Na dripu ya kwanza huwa haijamaliza kazi. Ndiyo maana wao huangalia kama imepungua angalau kwa nusu na ikabaki hivyo, hawashtuki kwa kipimo kimoja kilichosita.

Na namba ndogo ndogo zisiwakoseshe usingizi. 10 leo na 13 baada ya miezi mitatu ni mwili uleule. Hata damu hiyohiyo ukiipima mara mbili kwenye mashine ileile inaweza kutoa tofauti kidogo. Nimewaona wanawake wakilia benchi kwa kutoka 14 hadi 16.

Benchi la kliniki ndilo shule yangu kubwa, ingawa nalo lina hatari yake. Watu hulinganisha namba kama wanafunzi wanavyolinganisha alama za mtihani. "Wewe una ngapi? Mimi nina 22, wewe 600? Pole." Yule wa 22 tuliyekuwa naye, siti skani yake ilionyesha uvimbe umeongezeka, maana saratani yake haikuwa ya aina inayotoa protini hii kwa wingi. Yule wa 600 alikuwa ametoka 4,000. Namba ya mwenzako haikuhusu hata kidogo, hata kama ugonjwa unaitwa jina lilelile.

Tena kila saratani ina kipimo chake na tabia zake. Mzee mmoja tuliyekuwa tukikutana naye alikuwa na saratani ya tezi dume, anapimwa PSA. Alikuwa na 3, akafurahi kwa sababu karatasi ilisema kawaida ni chini ya 4. Lakini yeye alishaondolewa tezi yote, na mtu asiye na tezi dume PSA yake inatakiwa iwe karibu na sifuri. Mstari wa 4 uliandikwa kwa ajili ya wenye tezi zao. Daktari wake ndiye aliyeliona hilo. CEA, ya saratani ya utumbo mpana, huwa juu kidogo kwa wavuta sigara hata wakiwa wazima. AFP ya ini hupanda pia kwa wajawazito na wenye homa ya ini. CA 19-9, inayotumika kwa kongosho na mirija ya nyongo, hupaa mtu akiwa na manjano kwa sababu nyongo imeziba. Kisha kuna watu ambao miili yao haiwezi kuitengeneza kabisa kwa sababu ya kundi lao la damu liitwalo Lewis, na hali hiyo huonekana zaidi kwetu wenye asili ya Afrika. Mtu wa namna hiyo atapewa majibu mazuri hadi siku ya mwisho. Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza daktari ni hili: je, kwa mgonjwa huyu, kipimo hiki kiliwahi kuwa juu alipokuwa anaumwa? Kama hakikuwahi kupanda wakati uvimbe upo, kushuka kwake hakusemi kitu.

Sasa nije kwenye jambo lililotugharimu zaidi, nalo ni kuhamahama maabara. Maabara moja inatumia mashine ya kampuni hii na nyingine ya kampuni ile, na kila mashine inaiona protini kwa jicho lake. Damu ya mtu mmoja, siku moja, inaweza kutoa 31 hapa na 48 kule, na zote mbili hazijakosea. Nazitaja namba hizo kwa sababu ndizo zilizotupata. Ilikuwa 2023, mama ameshamaliza matibabu tangu Oktoba 2021, anapimwa kila miezi mitatu. Namba zake zilikuwa 11, 12, 11, 14. Halafu 19. Halafu 27. Kipimo kilichofuata, vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vilikuwa vimeisha pale tulipozoea, tukaelekezwa kwingine, tukapewa 48 na mshale mwekundu. Ndugu wakashaamua kwamba ugonjwa umerudi na umerudi kwa kasi. Daktari akasema tusubiri vitendanishi, damu ipimwe tena palepale pa zamani. Ikaja 31.

Ushauri wangu ni huu: chagueni maabara moja na mng'ang'anie hapo. Kama kuhama hakukwepeki, iwe kwa bima, kwa safari au kwa vitendanishi kuisha, basi ikiwezekana mpime sehemu zote mbili wiki ileile, ili mpate mwanzo mpya wa kuhesabia. Na kila karatasi mpya iandikwe jina la maabara kwa kalamu juu kabisa, maana nakala zikishachanganyika kwenye faili hakuna atakayekumbuka.

Kitu kingine ambacho nisingekijua maisha yangu yote ni biotini, vitamini iliyomo kwenye vidonge vingi vya nywele na kucha. Nywele za mama zilipoanza kuota, mamdogo alimnunulia vidonge vya nywele na kucha, vile vya kopo. Kwa nia njema kabisa. Siku moja muuguzi akauliza kama mama anatumia vitamini yoyote, na aliposikia hivyo akaviandika kwa wino mwekundu kwenye faili. Biotini nyingi mwilini huweza kuivuruga mashine, ikatoa namba ya chini kuliko ukweli kwa vipimo vya aina hii. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu jambo hilo. Mama alisimamishwa vidonge siku kadhaa kabla ya kutoa damu. Basi chochote mgonjwa anachomeza, hata mnachokiona ni cha urembo, hata mizizi ya kuchemsha, kitajwe. Msione aibu. Mtu wa maabara hawezi kukihisi kilicho kwenye kopo nyumbani kwenu.

Baada ya zile purukushani za siku ya tisa nilinunua kaunta buku. Nikachora safu tano: tarehe, maabara, namba, kilichotokea wiki hizo, na hali ya mama. Safu ya nne ndiyo inayoniokoa. Humo naandika "ametolewa maji tumboni", "amelazwa kwa nimonia", "wiki mbili tangu dripu", "kiungulia". Safu ya tano naiandika kabla majibu hayajatoka, na hili nawasihi mlifuate. Andika kama anakula, kama amelala, kama sketi inambana kiunoni, kama ameomba kwenda sokoni. Ukisubiri hadi uione namba, utamwona mama yako kupitia ile namba. Ikiwa juu utamwona amepauka hata kama jana alikuwa anacheka.

Daktari hulipenda lile daftari. Hulisoma kabla hajafungua faili.

Turudi 2023. Baada ya 31 ilikuja 58, kisha 83, na wiki mbili baadaye 97, maabara ileile. Hapo hakukuwa na kidonda cha kusingizia. Kwa mtu ambaye namba yake ilishashuka hadi kawaida, madaktari huanza kuhesabu kuwa ugonjwa umeamka ikifika mara mbili ya mpaka, yaani 70, na ikathibitishwa na kipimo cha pili kilichopishana na cha kwanza kwa angalau wiki moja. Siti skani ikaonyesha punje ndogo ndogo zilizotawanyika. Mama hakuwa na dalili hata moja. Alikuwa anapanda ngazi za ghorofa ya pili kwa dada bila kupumzika.

Kaka akataka dripu zianze wiki ileile. Na mimi nilitaka. Nani asingetaka? Ugonjwa umeonekana mapema, ukamateni mapema, ndivyo tulivyofundishwa kila mahali.

Daktari alituketisha karibu saa nzima siku ile, na yale aliyotueleza ndiyo yaliyobadilisha maisha yetu. Alisema swali hilo liliwahi kufanyiwa utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Uingereza, ukaandikisha wanawake kati ya 1996 na 2005, na matokeo yake yakachapishwa 2010. Wanawake 529 waliokuwa wamemaliza matibabu na namba zao zikapanda tena waligawanywa mafungu mawili kwa kura. Fungu moja lilianzishiwa dawa mara namba ilipopanda. La pili halikuambiwa namba, likaendelea na maisha hadi dalili zilipojitokeza. Waliowahi walianza dawa karibu miezi mitano kabla ya wenzao. Wakaishi muda gani? Muda uleule, zaidi kidogo ya miaka miwili kwa mafungu yote mawili. Tofauti ilikuwa kwamba waliowahi walitumia muda mwingi zaidi kwenye dripu, na hali yao ya maisha ikazorota mapema zaidi.

Nilihisi kama mtu ameninyang'anya kitu mkononi. Nilikuwa nimeishi miaka miwili nikiamini kwamba kazi yangu ni kuiwahi ile namba.

Akaongeza, na ni haki nami niliongeze, kwamba utafiti ule ni wa zamani kidogo. Siku hizi zipo dawa za kumeza za kuchelewesha ugonjwa kurudi kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wenye hitilafu ya jeni za BRCA, zile ambazo zikiharibika huongeza hatari ya saratani ya ovari na ya matiti, ingawa bei yake bado iko mbali na mifuko ya wengi wetu. Pia kuna wanawake wachache ambao ugonjwa ukirudi mahali pamoja panapoweza kuondolewa pote, upasuaji wa pili huwaongezea muda. Hilo lilionyeshwa na utafiti uliochapishwa 2021. Kwa mtu wa namna hiyo kuona mapema kuna maana. Punje za mama zilikuwa zimetawanyika, kwa hiyo mlango huo haukuwepo. Jambo jingine alilolitazama ni muda uliopita tangu dripu ya mwisho ya platini, yaani kundi la dawa ambalo ile kaboplatini imo. Ukizidi miezi sita kuna matumaini kuwa dawa ileile itafanya kazi tena, na kadiri unavyozidi ndivyo matumaini yanavyokuwa makubwa. Mama alikuwa na karibu miezi ishirini. Kwa uamuzi wa matibabu, muda huo ulikuwa na uzito kuliko 97.

Mama alisikiliza yote. Alipoulizwa anataka nini akasema, "Machungwa yanaiva mwezi ujao. Nataka niende Muheza nikayaone, nisiyaone nikiwa natapika."

Akaenda. Alikaa miezi mitano. Alihudhuria harusi mbili na kumzika dada yake, na akagombana na wanunuzi wa machungwa juu ya bei ya tenga kama ilivyo desturi yake. Tulikubaliana na daktari dalili za kuangalia: tumbo kujaa au kukaza, kushiba kwa tonge mbili, choo kufunga, kutapika, mguu mmoja kuvimba, pumzi kuwa fupi. Zikitokea zikadumu, aje bila kusubiri tarehe. Desemba alipiga simu akasema kanga inamkataa kiunoni. Januari 2024 akaanza dripu, na dawa ileile ya platini ikamkubali.

Sisemi kila mgonjwa asubiri. Kuna saratani ambazo namba ikipanda hatua huchukuliwa siku hiyohiyo. Saratani za korodani, ambako hupimwa AFP na hCG, ni mfano mzuri, maana hutibika hadi kupona hata zikiwa zimesambaa, na hapo kuchelewa ni kosa. Ninachosema ni kwamba kabla sindano haijaingia mkononi, ulizeni: jibu likiwa juu tutafanya nini? Likiwa chini tutafanya nini? Kama jibu la maswali yote mawili ni lilelile, mna haki ya kuuliza kwa nini mnapima wiki hii na si mwezi ujao. Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa hivyo. Wetu alifurahi.

Nina neno pia kwa walio wazima nyumbani. Mdogo wangu wa kike, baada ya kuona ya mama, alikwenda kupima CA 125 "kujiangalia tu". Akapata 52. Alikonda mwezi mzima kabla altrasaundi haijaonyesha ana fibroidi mbili, ugonjwa walio nao wanawake wengi mtaani kwetu. Kipimo hiki hakikuundwa kwa ajili ya kuwachungulia wazima. Huko Uingereza waliandikisha wanawake zaidi ya 200,000, wengine wakipimwa kila mwaka na wengine wasipimwe, wakawafuatilia kwa miaka mingi, na 2021 wakatangaza kwamba kuwapima hakukupunguza vifo. Kwa hiyo mkiona tangazo la "kifurushi cha vipimo vya saratani zote kwa tone moja la damu", fedha hiyo ina kazi bora zaidi. Wanawake wakapime shingo ya kizazi, ambayo ndiyo saratani inayotuondoa kwa wingi hapa Tanzania na ambayo uchunguzi wake huokoa kweli. Na kama kwenu saratani ya ovari au ya matiti imepita kwa ndugu wa damu zaidi ya mmoja, mwulizeni daktari kuhusu kipimo cha jeni. Hilo lina faida kwa mabinti kuliko CA 125 kumi.

Limebaki la bahasha. Kwetu ilikuwa ikifunguliwa na yeyote aliye karibu, kisha picha inaruka kwenye kundi, na kabla mama hajavaa viatu shangazi ameshapiga simu kutoka Tanga anasoma dua. Mwaka jana mama alituita wote akasema, "Wanangu, mimi nataka habari. Namba kaeni nazo nyie." Hatukuwahi kumwuliza. Miaka mitatu tulimsomea tarakimu kila baada ya kliniki tukidhani tunamheshimu kwa kutomficha, kumbe kila tarakimu ilikuwa inamla siku tatu za usingizi. Wapo wagonjwa wanaotaka kujua hadi desimali, na ni haki yao, wapewe. Yeye alitaka kuambiwa mambo mawili tu: dawa inaendelea au inabadilishwa, na lini arudi. Tukakubaliana bahasha inafika kwa daktari imefungwa, yeye ndiye anaifungua, mimi naandika kwenye daftari, na kundini hairushwi picha yoyote. Kaka alipinga mwanzoni. Siku hizi akipiga simu huuliza kwanza kama mama amekula.

Mstari wa mwisho kwenye kaunta buku, safu ya tano, niliuandika Jumanne asubuhi tukiwa bado kwenye foleni ya kutoa damu: "Amekula mihogo ya nazi vipande vitatu. Kanga inafunga vizuri. Anasema foleni ni ndefu, angekuwa ameshafika Chalinze." Safu ya namba bado iko wazi, majibu ni Ijumaa.